Funga Jicho Moja

Dada yangu amegawa miwani ya 3D kwenye ukumbi wa sinema mpaka watu wakasahau jina lake, wakamwita Mama Miwani. Alisimama mlangoni na beseni la miwani aliyoiosha mwenyewe kwa maji ya sabuni, na ole wako umrudishie yenye alama za vidole vya mafuta. "Macho ni yako hayo, au umeazima?" angekuuliza mbele za watu.

Ukitaka kujua zile picha zinatokaje ukutani hadi usoni kwako, hakuwa na hiyana. "Pale mbele kuna picha mbili zimepandana. Kioo hiki kinapitisha moja, hiki kinapitisha ya pili, kila jicho na yake. Zinaungana humo kichwani mwako, ndiyo maana unaona ndege anakujia puani. Huniamini? Ukiingia, funga jicho moja." Walifunga, ndege akarudi kubandikwa ukutani, wakatoka wakicheka hoi.

Binti yake wa pekee, Kidosho wetu, aliingia bure tangu hajaanza shule. Wenzake walinyoosha mikono kudaka mapovu hewani, yeye katulia tuli.

"Mama, mbona mimi sivioni vinavyotoka? Naona kama tivii ya nyumbani tu."

Dada akamvua miwani, akaipulizia, akaifuta, akamvisha tena. Siku nyingine akambadilishia. Mara ya mwisho akamfungulia mpya kabisa, ya kwenye mfuko wake.

"Miwani haina kasoro hata chembe," akaniambia. "Huyu anadeka."

Basi Kidosho akajifunza. Wenzake wakidaka, naye anadaka. Wakipiga kelele, anapiga. Wakicheka, anacheka. Dada akafurahi, "Si nilikwambia?"

Amekuwa mtu mzima ndipo akaenda kupimwa macho apate leseni ya udereva. Walipomziba jicho la kulia, hakuisoma hata ile herufi kubwa ya juu. Daktari akaeleza kwamba jicho la kushoto lilizoea kumwachia mwenzake kazi tangu utotoni. Angeletwa mdogo, wangeliziba lile zima kwa muda ili hili lilazimike kujifunza. Sasa umri umepita.

Dada alirudi nyumbani kutoka huko akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. "Wateja wote wale niliwaambia wafunge jicho moja," akasema. "Wote, mdogo wangu. Mwanangu sikumwambia."

Wapo wanaonong'ona eti mama gani huyo. Wakome! Hawakumwona alivyokuwa akivifuta vile vioo. Na Kidosho hajamlaumu hata siku moja. "Si kitu, mama, nimezoea," ndiyo maneno yake, na hayo ndiyo yanayommaliza dada. Laiti angegombezwa.

Juzi Kidosho katuletea mtoto wake. Dada akampakata, akamziba jicho moja kwa kiganja huku akimchezeshea kijiko, kisha akaziba la pili. Mtoto akacheka, anadhani ni mchezo. Dada akarudia. Akarudia tena.

"Mama, inatosha," Kidosho akasema taratibu. "Anaona. Si unamsikia anavyocheka?"

"Hata wewe ulikuwa unacheka," dada akajibu, na mkono hakuuondoa.