Kidole Kilichoshonewa Kwenye Gauni la Mwalimu Mkuu

Fundi huyu watu walimwita Kesho. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa na kibanda chenye mlango wa bluu kwenye kona ya barabara ya sokoni, cherehani moja ya umeme, meza ya kukatia vitambaa, na rafu iliyojaa mifuko ya wateja mpaka darini. Mkono wake ulikuwa mzuri. Suruali yake ilikukaa kama umezaliwa nayo. Shida ilikuwa itakuwa tayari lini.

Wala hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa na huruma iliyopitiliza. Hakuweza kumtazama mteja machoni na kumwambia kwamba kazi yake haijaguswa, kwa hiyo alimwambia imebaki vifungo tu. Mteja akiondoka akitabasamu, fundi naye alifurahi, kana kwamba amemaliza nguo yenyewe.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alileta kitambaa chake cha zambarau wiki sita kabla ya siku ya kuagwa. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini na tabia ya kutorudia neno, na alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na nane ya chaki. Alipita mara tano kuulizia gauni. Mara tano lilikuwa limebaki vifungo tu.

Alhamisi ya sherehe yenyewe, iliyopangwa kuanza saa kumi alasiri, alifika kibandani saa mbili na nusu asubuhi. Akavuta kigoda, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Imebaki vifungo tu, Mwalimu," fundi alisema.

"Basi nitakutazama unavyovifunga."

Gauni lilitolewa rafuni. Halikuwa na vifungo, kweli. Halikuwa na mkono wa kushoto pia, na upindo wa chini ulikuwa bado umebanwa kwa pini. Mwalimu alisogeza kigoda karibu, akamkazia macho fundi. Fundi akainama kwenye cherehani akakanyaga pedali kama mtu anayekimbizwa, huku macho yale yakimchoma kisogoni. Saa nne na robo, wakati anauzungusha mkono wa gauni begani, sindano ilipita kwenye ukucha wa kidole chake cha shahada, ikatokea upande wa pili, ikaingia kwenye kitambaa, ikagonga chuma na kukatika.

Fundi alisema "Aa," kama mtu aliyekumbuka kitu.

Mwalimu alizima swichi ukutani. Wakaangalia. Kipande cha sindano kilikuwa kimebaki ndani ya kidole, na ncha yake imejipinda chini ya kitambaa kama ndoana. Gauni na fundi walikuwa kitu kimoja.

"Kata kitambaa," mwalimu alisema.

"Sikati. Kitambaa hakina kosa."

Alijaribu kuvuta kidogo, akaona nyota, akaacha. Hivyo ndivyo walivyopanda teksi wakiwa watatu: fundi akiwa ameinua mkono, gauni likining'inia, na mwalimu akishika upindo usiburure chini.

Kwenye mapokezi ya chumba cha dharura alikaa nesi mnene mwenye miwani na kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibiwe.

"Mgonjwa nani?"

"Huyu," alisema mwalimu.

"Na gauni?"

"Langu."

"Wewe ni nani wake? Mke, ndugu, jirani?"

Mwalimu alifikiri. "Andika mteja."

Nesi aliandika, maana alishaona mengi. Akamgeukia fundi. "Ilitokea saa ngapi, baba?"

"Sasa hivi, dakika tano zilizopita."

"Saa nne na robo," mwalimu alisahihisha. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

"Maumivu, kuanzia moja hadi kumi?"

"Mbili," fundi alijibu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

"Andika saba," mwalimu alisema.

"Sindano ya pepopunda ulichomwa lini mara ya mwisho?"

"Majuzi majuzi tu."

"Majuzi ya lini?"

"Mwaka ule wa mvua kubwa."

Nesi aliandika *hajui*, akamfunga utepe wa kijani kwenye kifundo cha mkono. Fundi akauangalia kwa jicho la kazi, akauona umekatwa ovyo.

"Kijani maana yake nini?"

"Maana yake hutakufa leo."

"Na wale wa njano?"

"Wale bado tunawaangalia. Kaeni pale. Daktari anakuja sasa hivi."

Fundi aliganda. Lile "sasa hivi" alilijua ndani na nje, bitana na mishono yake. Alilisema yeye mwenyewe mara ishirini kwa siku, kwa sauti hiyohiyo ya upole. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesimama upande ambao linapokelewa. Akaenda kukaa akiwa mnyonge.

Mabenchi yalikuwa ya chuma, yenye matundu yaliyokuacha na chapa makalioni. Ukutani televisheni ilionyesha mtu akizungumza bila sauti. Kulikuwa na mama aliyempakata binti aliyejisokomezea shanga puani, mwashi mwenye mguu uliovimba, na bibi kizee mmoja ambaye hakuonekana kuumwa popote ila alifuatilia habari za kila mtu. Bibi aliitazama ile zambarau kwa muda, akasogea.

"Poleni sana, wanangu. Ni gauni la marehemu?"

"Ni langu, bibi," mwalimu alisema. "Ninastaafu leo."

"Oo," alisema bibi. "Basi pole na wewe."

Saa tano ikawa sita. Kila mlango ulipofunguka fundi alinyanyuka nusu, na kila mara aliitwa mwingine. Aliyeletwa na ambulensi alipita mbele yake, na hilo alilielewa. Aliyefika baada yake akiwa na utepe wa njano naye alipita, na hilo alilielewa kwa shida. Saa sita na nusu alikwenda dirishani, gauni na mwalimu nyuma yake, akauliza kama faili lake limeonekana.

"Faili lako liko tayari, baba. Imebaki daktari tu."

Mwalimu alikohoa kidogo. Pengine alikuwa anacheka, lakini kwa mtu mwenye uso ule huwezi kuapa.

Walikuwa wanarudi kwenye benchi machela ilipopita ikisukumwa mbio na wahudumu wawili. Juu yake alilala mwanamume wa makamo, barakoa ya oksijeni usoni, macho yamefumbwa. Walipolingana na fundi macho yakafumbuka. Mkono ukapanda, ukaisogeza barakoa pembeni.

"Fundi. Suruali yangu ya kijivu."

"Imebaki pindo tu," fundi alijibu kabla hajajizuia.

"Toka mwezi wa pili," mgonjwa alisema kwa pumzi ya tabu, na mhudumu akamrudishia barakoa. Machela ikapotea nyuma ya pazia.

Watu wote wa kwenye mabenchi walikuwa wamegeuka. Fundi alitamani sakafu ipasuke. Akamkumbuka yule mtu vizuri, karani wa ghala, kiuno thelathini na nane, na kitambaa chake kiko kwenye rafu ya tatu, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani.

Mkewe alifika saa saba. Habari ilikuwa imemfikia kwa kupitia watu watatu, na kila mmoja alikuwa ameiongezea nyama. Wa kwanza alisema kidole, wa pili kiganja, na wa tatu alisema mkono umekatwa begani. Kwa hiyo aliingia na mfuko wa kulazwa: blanketi, beseni, kandambili, chupa ya chai na mto. Alipoona mikono ipo yote miwili alisimama katikati ya chumba, akashusha pumzi, halafu akakasirika.

"Baba watoto, nimelia njia nzima."

"Pole, mke wangu."

"Nimelia mbele za watu, kwa ajili ya kidole?" Akaona gauni, akamwona mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu. Hili ndilo lile lililokuwa limebaki vifungo?"

"Marahaba, mama. Ndilo."

Mke alikaa akamimina chai. Walikunywa wote, pamoja na bibi kizee, ambaye hakuhitaji kukaribishwa.

Waliitwa saa saba na dakika arobaini. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi. Alifungua pazia, akamwona mwalimu, akasimama wima, na kalamu ikamdondoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Dawati la dirishani," mwalimu alisema. "Ulikuwa unaandika kwa kulalia meza."

"Nimeacha, Mwalimu," alisema daktari, ingawa muda huohuo alikuwa ameegemea kitanda. Akajinyoosha.

Picha ya eksirei ilionyesha kipande kizima cha sindano na ndoana yake. Daktari akaeleza taratibu: atapiga ganzi, atakata ndoana kwa koleo, kitambaa kitatoka, halafu atavuta kilichobaki. Akachukua bomba la sindano.

Fundi aliyeishi na sindano tangu ana miaka kumi na saba, aliyezibana kwa meno huku anaongea na wateja, aliiona ile moja akawa mweupe midomo.

"Daktari, hatuwezi kufanya kesho?"

Mkewe alifunika uso kwa kiganja.

"Itauma kidogo tu," daktari alisema, huku akimtupia jicho mwalimu, aliyekuwa amesimama karibu kabisa. Mwalimu hakuwa na jinsi. Kokote alikokuwa fundi, gauni lilikuwapo, na kokote lilikokuwapo gauni, mwalimu alikuwapo.

"Usiniangalie mimi," mwalimu alimwambia daktari. "Angalia kazi yako." Akakitazama kidole mpaka sindano ilipoingia, ndipo akageuza shingo akasoma tangazo la kunawa mikono.

Ganzi ilihitaji dakika kumi kushika. Wakasubiri. Fundi alikuwa amelala chali, mkono juu ya mto alioleta mkewe, na pengine ni kule kulala kulikomlegeza ulimi.

"Mwalimu, nikwambie kitu. Gauni lako nilikuwa sijalikata mpaka juzi Jumanne."

"Najua."

"Unajua?"

"Jumatatu nilipopita kitambaa kilikuwa rafuni, kizima, na karatasi ya duka juu yake. Fundi, nimesikia visingizio miaka thelathini na nane. Vyako si vibaya, ila havibadiliki."

"Sasa mbona hukulichukua ukampa mwingine? Mbona ulikuja kukaa kibandani asubuhi?"

Mwalimu alilaza upindo wa gauni juu ya mkono wake, akaunyoosha mkunjo ambao haukuwapo.

"Nina gauni la bluu zuri tu, lingetosha," alisema. "Nilijiambia, hili lisipokwisha, sherehe itabidi ingoje. Watanisogezea siku. Kesho ni Ijumaa. Nimeamka saa kumi na moja kila Ijumaa tangu nikiwa msichana. Sijui kesho nitaamka niende wapi."

Daktari aliangalia viatu vyake. Mke wa fundi alimimina chai iliyobaki kwenye kifuniko cha chupa akampa mwalimu, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Sindano ilitoka saa nane na nusu. Ilitoa mlio mdogo ilipoangukia kwenye sahani ya chuma, na gauni likawa huru. Damu ilikuwa imegusa upande wa ndani tu wa pindo la mshono. Daktari alifunga kidole kwa bendeji nene, akaandika dawa, akaagiza sindano ya pepopunda, na safari hii fundi hakuomba kuahirisha.

Ikabaki shida ya mkono wa kushoto, ulioning'inia kwa mishono minne. Fundi aliliangalia gauni, akaiangalia bendeji yake.

"Mwalimu, leo siwezi kukwambia limebaki nini."

Mkewe alikuwa tayari ameshatoa sindano na uzi kwenye pochi. Kibandani hakuruhusiwa kugusa kitu, kwa madai kwamba mishono yake ni mirefu. Alikaa kwenye benchi la matundu, akaushona mkono ule kwa kasi ambayo mumewe hakuwahi kuifikiria, huku fundi akisimama juu yake akisema kaza hapo, legeza hapo, mpaka akaambiwa akae. Upindo wa chini, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, nesi wa miwani aliubandika kwa plasta ya hospitali, upande wa ndani, mzunguko mzima. Pini chache zilifunga mahali pa vifungo, zilizobaki zikatupwa kwenye beseni. Mwalimu alibadilisha nguo nyuma ya pazia. Alipotoka, mwashi mwenye mguu uliovimba alipiga makofi, na mama wa binti wa shanga akafuata.

"Umependeza," alisema bibi kizee. "Nenda ukastaafu salama."

Alifika shuleni saa kumi na dakika tano. Fundi na mkewe walikwenda naye, wakakaa mstari wa nyuma na beseni lao. Mwalimu alihutubia dakika saba, na hakulia. Plasta ilishika kasoro sehemu moja nyuma, ambayo ilining'inia kidogo, na fundi hakusikia hata neno moja la hotuba kwa kuitazama.

Ukucha ulitoka wiki ya tatu ukaota mwingine, umepinda kidogo. Siku alizokwenda kubadilisha bendeji alipita wodi ya wanaume kumwona karani wa ghala, aliyekuwa anaendelea vizuri na amekonda kiuno mpaka thelathini na nne. Alimpima upya palepale kitandani, kwa mkono wa kushoto, wakati nesi anashika ncha ya pili ya futi. Karani alitaka kujua itakuwa tayari lini. Fundi alifungua mdomo, akafikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Sijaanza," alisema.

Karani alimtazama kwa mashaka makubwa, kama mtu anayehisi anadanganywa.