Majibu ya Mama Ajira

Mke wangu hatulii. Kazi yake chuoni ni kuwatafutia wahitimu ajira ya kwanza, na wenyewe humwita Mama Ajira. Huja kwake wamenywea, mikono haijui ikae wapi. Anawafundisha kubisha hodi, kuketi, kumtazama mtu usoni. Majibu nayo anayo yeye. Anawakaririsha mpaka yatoke kama maji ya bomba.

Mimi ni fundi cherehani, lakini kwa mazoezi ya wanafunzi wake, mezani pangu nimeshakuwa meneja wa benki, wa kiwanda, hata wa uwanja wa ndege. Ananifunga tai huku nyuzi zimenijaa begani. Nikikataa, nanuniwa wiki nzima. Nifanyeje? Eti mimi ndiye mwenye nyumba.

Safari hii ilikuwa zamu ya binti wa dada yake, tunayeishi naye tangu aanze chuo. Amemaliza uhasibu, na mwaka mzima ameomba kazi bila kuitwa popote. Sasa kampuni ya maji ilikuwa imemwita kwenye usaili. Basi mke wangu akashikwa na kiherehere, kila mlo ukageuka usaili. Binti akiomba chumvi, anaulizwa udhaifu wake ni upi. Anajibu, macho sahanini, kwamba anapenda kila kitu kiwe kamili mno. Mimi nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe.

Siku yenyewe mke wangu aliomba ruhusa kazini, akashinda akinizunguka. Akafuta meza aliyokwisha kuifuta. Akavipanga vifungo vyangu kwa rangi, akavivuruga, akavipanga tena. Akaenda getini, akarudi, akaniuliza nawezaje kukaa tu. Nikamwambia mtu mzima hukaa. Akasonya.

Mara binti akaingia, akavua viatu, akasema kazi ameikosa.

Habari ikatoka kidogo kidogo. Walimtangulia wenzake kadhaa wa chuo kilekile, wote wanafunzi wa Mama Ajira, na kila mmoja alikuwa anapenda kila kitu kiwe kamili mno. Alipofika yeye na jibu lilelile, bosi akaweka kalamu chini. Akamwambia hilo amelisikia tangu asubuhi, sasa ampe la kwake mwenyewe. Binti akanyamaza mpaka wakamshukuru kwa kuja.

Mke wangu akaja juu. Mtoto amesoma kote huko, anakosaje hata neno moja la kwake? Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye ndiyo kwanza alikuwa anatafuta ndoo.

"Kwa hiyo hukuwa na la kusema kabisa?"

"Nilikuwa nalo, mama mdogo. Nataka kazi ili nipange chumba changu, nile chakula bila kuulizwa swali." Akamtazama usoni. "Ningemwambiaje mtu baki kabla sijakwambia wewe?"

Mimi niliona aibu, sikujua nitazame wapi. Mke wangu akasimama, akaketi, akasimama tena. Akafungua mdomo, na kwa jinsi ninavyomjua, alikuwa ameshapata jibu zuri zaidi la kumfundisha. Hakulitoa. Alimwuliza ni chumba cha namna gani anachokitaka, na binti alipochelewa kujibu, akamsubiri.