Mbwa wa Sofu na Udongo wa Masaki

Esteria wa Sofu, yule wanayemwita Mama Loyce, alimwita Swaumu mchawi mbele ya watu. Hakunong'ona wala hakufumba. Alisimamisha gari mbele ya duka la Hashiru, kule Masaki ya Kisarawe, akamshusha Swaumu na mfuko wake wa nguo, akapaza sauti: "Mchukueni mchawi wenu! Ameniloga mbwa!" Akageuza gari, akawaachia vumbi.

Kosa la Swaumu lilikuwa kunawa mikono.

Alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa Esteria, mtaa wa Sofu, Kibaha, mtu mzima aliyeachika, shule hakuiona. Alifua, alipika, alideki. Mbwa hakuwa kazi yake. Lakini Kamanda, mbwa mkubwa mweusi wa nyumba ile, aliugua kiuno akawa anaburuta miguu ya nyuma, na hakukubali kushikwa na mtu ila Swaumu. Ndipo akaitwa Silas, daktari wa mifugo, akaja na mashine ya leza, kidude kama tochi chenye waya.

"Haitamchoma?" Swaumu aliuliza.

"Haichomi, mama. Ni mwanga unaopeleka joto ndani. Maumivu yanapungua, kidonda cha ndani kinapona taratibu. Wewe mshike kichwa tu."

Mapazia yalifungwa mchana kweupe. Silas alivaa miwani myeusi, akamvika Swaumu, akamvika na mbwa, maana mwanga ule unaharibu macho. Mbwa mwenye miwani anatisha. Hujui anatazama wapi, na Swaumu alihisi wakati wote anatazamwa yeye. Mashine ilivuma, doa jekundu likazunguka kiunoni palipokuwa pamenyolewa, na Kamanda akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo.

Siku moja mbwa alijigeuza ghafla, mwanga ukampata Swaumu kiganjani. Joto likaingia. Halikutoka.

Dawa ilifanya kazi, hilo Swaumu hakatai. Kamanda alianza kusimama, akawa anamfuata hadi jikoni. Lakini kila baada ya tiba alimlamba mikono, na kwa kina Swaumu mate ya mbwa hayaoshwi kwa sabuni. Unanawa mara saba, moja kwa udongo. Ua wa Esteria wote ulisakafiwa, udongo haupo. Swaumu akaja na wake kutoka kwao Masaki, ameufunga kwenye kitambaa, akauficha nyuma ya tangi la maji. Kumwambia tajiri wako kwamba mbwa wake ni najisi ni kutafuta kufukuzwa. Silas alimwona, akauliza, akaelezwa, akacheka vizuri tu. Siku nyingine hata alimmiminia maji.

Kisha Kamanda akarudi chini. Silas alisema kiuno kile kilikuwa kimeoza zamani, mwanga unasaidia lakini haufanyi miujiza. Esteria hakutaka kusikia. Akazunguka nyumba nzima kutafuta sababu, akakiona kitambaa. Alikifungua: udongo, na ndani yake manyoya meusi yaliyokuwa yameganda mikononi mwa Swaumu.

"Udongo wa Kisarawe! Na manyoya ya mbwa wangu!"

"Nanawia, Mama Loyce. Dini yangu..."

"Kumbe mbwa wangu ni uchafu? Miezi yote unamshika, moyoni unamwona uchafu?"

Swaumu akamgeukia Silas. Silas alikuwa anakunja waya wa mashine. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

Masaki, Swaumu alianza kuchemsha muhogo auze pale dukani. Alieleza mambo ya udongo, na kila mtu pale anakujua kunawa kule. Lakini walisema mama mwenye gari hawezi kuja mbali hivyo kwa uongo. Muhogo ukapoa sufuriani. Hakuna aliyetaka kula kitu kilichotoka mkononi mwake.

Na mkono wenyewe haukutulia. Kila alasiri, saa ile ya tiba, kiganja kilipata joto. Swaumu alikificha ndani ya kanga asionekane akikitazama. Halafu ikafika alasiri kiganja kikabaki baridi, baridi ya chungu cha maji, na hakikupashika hata juu ya moto.

Kesho yake, jua likiwa bado kali, jirani yake Hajira aliita kutoka barabarani: "Swaumu we! Mgeni wako huyo!"

Alikuwa Kamanda. Alikuja katikati ya njia ya wachoma mkaa akiburuta miguu ya nyuma, watu wakipanda kwenye vibaraza. Miwani ilining'inia shingoni.

"Amekuja kutoa ushahidi," alisema Hashiru. Wachache wakacheka.

Swaumu alimpigia Silas. "Daktari, njoo mchukue Kamanda. Amenifuata huku."

Silas alishusha sauti. "Mama, Kamanda amekufa. Tulimzika jana, nje ya ukuta. Alikataa kushikwa tangu ulipoondoka. Ile miwani nilimwachia, ilikuwa yake."

Kamanda alikuwa ameshafika uani kwake; Swaumu aliitazama miwani. Vioo vyote viwili vilijaa udongo.

Mbwa alimlamba kiganja, na joto likarudi. Swaumu hakupiga kelele. Alichota maji, akachutama pale pale uani, akanawa mara saba, moja kwa udongo, watu wote wa Masaki wakiona.

Tangu hapo kila alasiri Kamanda huja kulala penye ule unyevu, na muhogo haununuliwi.

Silas anadaiwa maneno aliyoyameza akikunja waya. Mama Loyce anadaiwa zaidi. Njia anaijua, gari analo, na mbwa wake ameshafika kwa kiuno kile kibovu. Aje asimame mbele ya duka la Hashiru, kwa sauti ile ile, aseme: "Yule mama alikuwa ananawa mikono."