Koti la Twidi la Mwalimu Bonaventura

Mimi Marieta ni fundi cherehani hapa Mogitu, na hakuna kinachonikera kama mtu anayelitesa koti zuri. Koti la twidi si la kuchezea. Ni sufu nzito yenye nyuzi za rangi tatu nne zilizofumwa pamoja, na ukilisogelea unaona kahawia, kijani, na wekundu kidogo unaochungulia. Koti la namna hiyo lina kelele zake tayari. Shati liwe tulivu, krimu au jeupe. Tai iwe ya rangi moja, tena rangi iliyotoka kwenye uzi mmojawapo wa koti. Suruali iwe ya kahawia iliyokolea au ya kijivu, na ising'ae. Basi, hakuna zaidi. Lakini watu hawasikii. Wanapachika shati la drafti na tai ya maua, halafu wanamlaumu mpiga picha.

Kata nzima, mtu mmoja tu hakuwahi kunikera. Mwalimu Bonaventura alistaafu shule ya msingi miaka kumi iliyopita. Koti lake la twidi alilinunua mnadani Katesh akiwa bado anafundisha, na bitana yake nimeibadilisha mara mbili kwa mikono yangu. Kila Jumapili alipita mbele ya kibanda changu na mkewe Oliva, ambaye sote tunamwita Mama Wolfgang, wakienda kanisani. Shati krimu, tai ya rangi ya damu ya mzee, suruali ya kahawia. Nilikuwa nasimama mlangoni makusudi nimwone. Kwa mavazi yale na ulimi wake wa taratibu, watu walimfanya mshenga. Kijana akitaka kuoa, Mwalimu ndiye aliyetangulia kwa wazazi wa binti. Kazi ile aliipenda kuliko aliyostaafu.

Mwaka jana, baada ya mavuno, jirani yetu Hhando alimwomba aende Hirbadaw kumsemea mwanawe. Asubuhi hiyo Mwalimu alipita kwangu na ujumbe mzima wa kina Hhando, na mimi nikabaki mdomo wazi. Koti ni lilelile. Ndani yake shati jekundu la drafti. Juu ya shati, tai ya kijani yenye mistari. Chini, suruali ya bluu inayong'aa, ile aliyoivaa kwenye harusi ya mwanawe Wolfgang.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, fundi. Leo tuombeeni."

"Umependeza, Mwalimu."

Uongo mtupu. Nilirudi ndani nikacheka mpaka nikajikalisha chini. Hapa kwetu mzee haambiwi. Unamwamkia, unampokea mzigo, unampisha njia, lakini kumwambia kwamba amevaa vibaya, nani aanze? Hhando hakuanza. Wote waliofuatana naye waliangalia mbele. Kule Hirbadaw mjomba wa binti aliwauliza pembeni kama wameleta mshenga au mchekeshaji, akasema warudi siku wakiwa na mtu wa maana. Mtu mmoja alipiga picha. Mchana picha ilikuwa imefika kwenye simu yangu, na mimi nikamtumia dada yangu. Ninayasema haya kwa sababu naona aibu, na aibu yenyewe haijapungua.

Hata baada ya hapo hakuna aliyemwambia. Hhando alimdanganya kwamba upande wa binti wanaomba muda, kisha akaenda na mshenga mwingine. Familia mbili zilizokuwa zimezungumza naye zikanyamaza. Mwalimu si mjinga. Siku moja ya kazi, mchana, akaja kwangu na mfuko wa nguo, akaumwaga juu ya meza ya kukatia.

"Fundi, niambie rangi."

Nilidhani ananitania. Akainua shati. "Hili?"

"Jekundu, Mwalimu."

Akainua tai. "Na hii?"

"Kijani."

"Kwangu ni kitu kimoja," akasema. "Tangu nikiwa mtoto. Vyote naviona kama udongo."

Akanieleza alivyoficha jambo hilo chuoni, akiogopa wangemnyima ualimu. Oliva aligundua wiki ya kwanza ya ndoa, alipomtuma nyanya zilizoiva akamletea mbichi. Hakucheka. Kesho yake alimtandikia nguo kitandani: koti, shati juu yake, tai imekatiza katikati, suruali chini. Miaka arobaini na mmoja Mwalimu amevaa alichokikuta kitandani, bila kuuliza.

"Sasa nakuuliza wewe," akasema. "Hirbadaw nilivaaje?"

Nikamwambia. Nilingoja akasirike, au aone aibu, maana mimi ningekuwa ni yeye ningepasua kitu. Akakaa kwenye benchi la wateja, akakunja shati taratibu.

"Basi ni kweli," akasema.

Ndipo akaniambia mengine. Chai ilipikwa bila majani. Mboga ilitiwa chumvi mara mbili. Mama Wolfgang alimuuliza harusi ya Wolfgang ni lini, na imepita miaka sita. "Chumvi nilisema ni uchovu," akasema. "Harusi nikasema ni uzee. Lakini nguo, fundi? Nguo hajawahi kukosea."

Alimpeleka hospitali. Daktari hakuzungusha maneno. Alisema ugonjwa huu wa kusahau huenda mbele tu, haurudi nyuma, na dawa ya kuurudisha haipo. Mwalimu alinieleza hivyo hivyo, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea matangazo shuleni.

Nikataka kusaidia, kama kawaida ya mtu mwenye hatia. Nikafunga mafundo ya uzi ndani ya nguo zake: fundo moja kwenye kola ya shati krimu, moja nyuma ya tai ya damu ya mzee, moja kiunoni mwa suruali ya kahawia. Akipapasa akakuta fundo moja moja, hizo zinakwenda pamoja na koti. Alifurahi. Kisha akasema nguo hizo zikae kwangu.

"Kwa nini kwangu, Mwalimu?"

"Mama Wolfgang akijua kwamba anakosea, ataacha kunipangia. Akiacha, atabaki na nini?"

Ikawa hivyo kila Jumapili. Alitoka nyumbani na alichopangiwa, akaingia kibandani kwangu, akabadilisha nyuma ya pazia, akaenda kanisani. Misa ikiisha alirudi kwangu, akavaa tena makosa ya mkewe, akaenda nayo nyumbani. Mama Wolfgang mwenyewe alikuwa hatoki tena, aliogopa watu wengi, na binti wa jirani aitwaye Justina alikaa naye. Makosa yakakua. Jumapili moja hakupangiwa shati kabisa, ila suruali mbili. Nyingine alikuja na kipande cha kitenge kimefungwa shingoni badala ya tai. Alitembea barabara nzima nacho, kichwa juu, na nilipotaka kukifungua akanizuia mkono, akakifungua mwenyewe.

Kazi ya ushenga haikurudi. Nilimfuata Hhando nikamweleza kila kitu, akasema, "Aa, tungejua," akaendelea kuchunga ng'ombe wake. Nilitaka kumrushia jiwe.

Jumapili ya mwisho ninayotaka kuisimulia, nilipata msiba wa ghafla Basotu. Mwalimu alikuwa ameshabadilisha na kwenda misani. Nilifunga kibanda, nikaondoka na ufunguo mfukoni, na nguo alizopangiwa zikabaki ndani. Sikukumbuka mpaka niliposhuka garini wakati wa kurudi, saa tisa alasiri. Nikafungua, nikachukua mfuko, nikakimbia.

Nilimkuta nyuma ya zizi la nyumbani kwake. Alikuwa amesimama pale tangu misa iishe, na koti lake la twidi, na shati krimu, na tai yake, hataki kuingia ndani akaonekana amekataa chaguo la mkewe. Viatu vyake vilikuwa vimeloa matope, kwa maana mvua ilikuwa imempitia hapohapo. Nikampa mfuko. Alikuwa ndiyo kwanza anavua koti mlango ukafunguliwa, Mama Wolfgang akatoka, Justina nyuma yake.

Mama Wolfgang akatusogelea, akamkagua. Alianza na koti, akaja kwenye shati, akasimama kwenye tai, akashuka mpaka kwenye suruali. Yalikuwa ni macho yale yale ya zamani, ya mtu anayejua. Nilimwomba Mungu Mama Wolfgang akasirike. Nilimwomba amgombeze mumewe, amuulize ni nani aliyempangia nguo hizi, aniite mimi majina yote mabaya, maana akikasirika ina maana anakumbuka.

Akanyoosha mkono akaiweka tai sawa. Akatabasamu. Kisha akapiga goti kidogo, kama tunavyofanya kwa mgeni mkubwa.

"Shikamoo, mzee."



"Umependeza sana," Mama Wolfgang akasema. "Koti na tai vimeshikana. Kwako yupo mke anayejua kazi." Akageuka kutazama barabara. "Baba Wolfgang bado yuko kanisani. Amechelewa leo. Karibu ndani umsubiri."

Mwalimu alinitazama mimi. Justina alikuwa ameinamisha kichwa.

"Marahaba, mama," Mwalimu akasema.

Akalivaa koti tena, akalifunga vifungo. Akamfuata mkewe ndani, na nilimwona kupitia mlangoni akivuta kigoda cha wageni, akaketi karibu na kizingiti, mikono magotini, akingoja. Mama Wolfgang akaenda kuteleka maji ya chai ya mgeni. Mimi nilirudi na ule mfuko wa nguo, na bado uko kwangu.