Mrusho wa Shufaa Kwenye Kikapu cha Saba

Shufaa binti Ishaka alikuwa na miaka arobaini na sita alipojifunza kurusha kisahani. Wakati huo alikuwa ameshatunza bustani ya mji wa Bagamoyo kwa miaka kumi na mmoja. Alifagia njia zake, akakata nyasi, akapunguza ua wa michongoma, na kila masika alizungukia sehemu zilizotuama maji akayachimbia mfereji. Wageni waliotoka Dar siku za Jumapili waliuliza ni kampuni gani inayoitunza bustani nadhifu namna ile. Hapakuwa na kampuni. Alikuwepo Shufaa na reki yake, na mzee mmoja wa kufungua geti.

Alizaliwa Kiwangwa, kwenye mashamba ya mananasi na mihogo, na utotoni kazi yake ilikuwa kuamia shamba ngedere wasing'oe mihogo. Huko ndiko alikojifunza kutupa jiwe kwa ubavu, likapita chini ya matawi na kutua pale alipotaka. Aliolewa mjini na bwana mmoja aitwaye Haidar, akazaa naye binti, Mina, kisha akaachwa. Kazi ya bustani ndiyo iliyomlea Mina mpaka akaingia chuo cha ualimu.

Siku moja akaja Abdulnasir, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa mji wa zamani, aliyekuwa amesoma elimu ya michezo Finland kwa miaka miwili. Alikuwa na kibali cha kusimika vikapu tisa bustanini. Kila kikapu kilikuwa nguzo ya chuma yenye minyororo inayoning'inia, na chini yake beseni la waya. Mchezaji anasimama kwenye alama, anarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu, anakifuata kilipoangukia, anarusha tena, hadi kiingie kwenye minyororo. Anayetumia mirusho michache kuliko wenzake ndiye mshindi.

Abdulnasir alikuja na ramani aliyoichora vizuri kwa rangi. Shufaa aliitazama, akamwambia vikapu vitatu vitazama majini masika, na viwili vimewekwa mahali ambapo upepo wa kusi utabeba visahani hadi barabarani. Kijana hakukasirika. Alikunja ramani akamwomba amwonyeshe. Walizunguka wiki nzima, na vikapu vyote tisa vikasimama pale aliposema Shufaa.

Baada ya hapo walianza kucheza pamoja asubuhi, kabla geti halijafunguliwa. Abdulnasir alikuwa akifika, anasema "Shikamoo, dada," Shufaa anaitikia "Marahaba, mdogo wangu," kisha anamtolea mihogo ya kuchemsha aliyokuja nayo kwenye kitambaa. Kijana alimsimulia alivyokaa Finland bila mtu wa kuzungumza naye, na jinsi mchezo ule ulivyompatia marafiki. Shufaa naye alimsimulia mambo ya Haidar ambayo hata Mina hakuwahi kuyasikia. Miezi mitatu haikupita, akawa anamshinda Abdulnasir siku tatu kati ya nne. Kijana alicheka kila alipofungwa, akasema mkono ule Mungu kauweka mahali pasipoonekana.

Ndipo yakaandaliwa mashindano ya kwanza. Kampuni moja ya bima kutoka Dar ilikubali kuyagharimia, na ikaahidi kwamba yakienda vizuri itasaidia kuongeza vikapu vingine tisa. Shufaa aliuliza kama mfagiaji anaruhusiwa kushiriki. Abdulnasir mwenyewe aliliandika jina la Shufaa, kwa kalamu yake, la nne kwenye orodha.

Walicheza watu arobaini kwa siku mbili. Mwisho wakabaki wawili, Shufaa na Raya, mama mmoja wa makamo aliyekuwa mkuu wa masoko wa kampuni ile na aliyewahi kucheza nje ya nchi. Raya alikuwa mchezaji mzuri na mtu wa adabu. Alimsalimia Shufaa kwa mikono miwili. Mwamuzi alikuwa Abdulnasir. Watu walijaa kando ya njia, na Mina alikuwa miongoni mwao pamoja na wenzake wa chuo.

Hadi kikapu cha sita, Shufaa alikuwa mbele kwa mrusho mmoja. Kikapu cha saba kilikuwa nyuma ya tuta la mawaridi lililozungushiwa mawe meupe. Kanuni ilikuwa wazi: kisahani kikitua ndani ya mawe, mchezaji anaongezewa mrusho mmoja, lakini ukingo wa kisahani ukigusa majani ya nje ya mawe, haongezewi. Shufaa alirusha kwa ubavu, kisahani kikapinda, kikashuka pembeni mwa tuta na kulala juu ya jiwe, nusu ndani, nusu nje. Alikiona kutoka mbali. Abdulnasir alikuwa hatua mbili tu kutoka pale.

Kabla Shufaa hajafika, mpiga picha aliyekuja na wageni wa kampuni ya bima alikiokota ili amkabidhi na kumpiga picha. Alipoulizwa kilikuwa wapi, alisema hakuangalia. Raya alisema yeye alikuwa mbali. Basi wote wakamgeukia mwamuzi.

Abdulnasir alitazama mawe, akatazama meza ya wageni, kisha akatazama karatasi yake.

"Kilikuwa ndani," alisema.

Shufaa alisubiri. Alidhani kijana atajirekebisha, kama alivyokuwa akijirekebisha asubuhi zote walipokuwa wakihesabu wawili. Abdulnasir aliandika na kusogea kwenye kikapu cha nane bila kuinua uso.

Kuanzia hapo wakawa sawa. Cha nane walitoka sawa. Cha tisa, ambacho Shufaa alikuwa akikimaliza kwa mirusho miwili hata kukiwa na upepo, mkono ulimkataa. Kisahani kiligonga nguzo kikaruka nyuma. Akashindwa kwa mrusho mmoja, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeweza kusema kwamba kashindwa na kikapu cha saba.

Jioni wageni walipoondoka, Abdulnasir alimfuata kwenye banda la zana. Alianza kwa kumsifu, Shufaa akiendelea kuosha reki. Mwisho kijana akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilikiona, dada," alisema. "Kiligusa majani."

"Najua ulikiona."

"Nilifikiria mchezo. Wangerudi Dar wakasema mkuu wao kafungwa na mfagiaji, wasingetoa kitu tena. Vikapu tisa vya kuongezwa si vyangu, ni vya watu wote."

Shufaa aliitundika reki ukutani.

"Basi ungeniambia nisije," alisema. "Ningekaa nyumbani nipike. Umeniandika ili unifanyie hivi mbele ya mwanangu?"

Abdulnasir aliinuka kwenye ndoo. Akaondoka.

Nyumbani, Shufaa alimweleza Mina yaliyotokea. Binti alimsikiliza kwa upole, akamshika goti, akasema, "Lakini, mama, si mwamuzi ndiye aliyekuwa karibu?" Hakuwa na nia mbaya. Alidhani anamtuliza mama yake. Shufaa aliinuka akaenda kutia maji kwenye mtungi uliokwisha kujaa, na hakulizungumza tena jambo lile na mtu yeyote.

Vikapu vikafika kumi na vinane. Safari hii ramani ilichorwa Dar, na masika yaliyofuata viwili vilisimama kwenye maji wiki tatu. Shufaa aliyachimbia mfereji kwa sababu ilikuwa kazi yake. Abdulnasir alipata ajira kwenye kampuni ile ya bima, akahamia Dar, akawa anakuja mara moja kwa mwezi na shati lenye nembo. Kila akija anamwendea Shufaa na kumwamkia, na Shufaa anaitikia, kwa kuwa shikamoo hainyimwi jibu. Lakini humwitikia "Marahaba, bwana Abdulnasir." Mara ya kwanza kijana alisimama kama aliyesahau njia. Siku hizi amezoea.

Mwezi wa Shaabani uliopita, asubuhi moja isiyo na upepo, Shufaa aliweka ufagio chini akachukua kisahani kwenye banda. Hakuwa amecheza tangu siku ile. Alikwenda kwenye vikapu tisa vya zamani, kimoja baada ya kingine, pole pole, na mkono ulimtii kama ambavyo haukuwahi kutii. Cha saba alikimaliza kwa mirusho miwili. Cha tisa kisahani kiliingia kwenye minyororo moja kwa moja kutoka alama ya kuanzia. Alipojumlisha alipata ishirini na mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kufika ishirini na mmoja pale. Rekodi ya vikapu vile tisa iliyobandikwa getini ilikuwa ya Raya, ishirini na nne.

Alisimama pale na kisahani mkononi, akingoja ajisikie furaha, na haikuja. Mzee wa geti alipofika akamuuliza mbona leo njia haijafagiliwa. Shufaa alifikiri amwambie, akaona itabidi aanze kumweleza mchezo tangu mwanzo, na hata hivyo asingeelewa. Mtu mmoja tu Bagamoyo nzima angejua namba ile ina uzito gani, na huyo ndiye ambaye hakutaka kumwambia kitu.