Pikapu ya Mjomba na Ungo wa Maharage

Siku ile naikumbuka kwa mguu, mwanangu, wala si kwa kichwa. Ni mguu wa mjomba wangu Ambakisye, umekanyaga breki mpaka sakafuni, na gari bado linakwenda.

Usicheke ninapokuita mwanangu. Najua wewe uko kidato cha kwanza na mimi niko cha nne, na ndevu zangu ukianza kuzihesabu unamaliza kabla kengele haijagongwa. Lakini uzee si mvi peke yake. Aliyetangulia kuungua ndiye mzee wa jiko. Basi kaa chini unisikilize, na ukisinzia nitakupaka dawa ya meno usoni kama kawaida ya bweni hili.

Mjomba alikuwa na pikapu ya kubebea mahindi na kahawa. Mama yake, yaani bibi yangu, aliishi Ibaba, kule juu Ileje ambako ukungu huamka kabla ya jogoo. Bibi alikuwa anapoteza macho kwa mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuja hospitali ya misheni mara moja kwa mwaka, wakakaa siku chache, wakaondoka. Mwaka uliotangulia mjomba alikwenda kumchukua, pikapu ikakalia tumbo juu ya lile tuta la katikati ya barabara linaloachwa na malori ya mazao. Tairi zikazunguka hewani kama miguu ya mende aliyepinduliwa. Alipokuja kujikwamua, madaktari walikuwa wameshafunga mizigo. Mwaka mzima Bibi akaishi kwa kupapasa kuta.

Mjomba akaapa kwamba safari nyingine pikapu itapita juu ya tuta lile kama twiga.

Akaipeleka kwa fundi Simkoko pale Mpemba. Fundi huyu hakuwa mtu wa maneno. Alimuuliza mjomba anabeba nini na anapita wapi, basi. Alipojibiwa, akalala chini ya gari, akatoka na ushauri wake: nyuma aongezewe jani moja la springi, mbele pakazwe kidogo, zifungwe shokapu ndefu kiasi. Gari litapanda vidole vitatu, na tuta la Ibaba halidai zaidi ya hapo.

Vidole vitatu! Mjomba aliona kama katukanwa. Macho yake yalishavuka mpaka zamani, yako Nakonde, kwa Mzambia mmoja muuza vipuri aliyekuwa na seti nzima ya kuinulia gari: springi nene kama mkono wa mpiga ngumi, shokapu nyekundu, na vipande vya chuma vya kuweka kati ya springi na ekseli ili gari lisimame juu zaidi. Nilikwenda naye. Yule bwana alitupokea kwa mulishani mukwai nyingi, salamu za kwao, akaipangusa seti kwa kitambaa, akasema hiyo ni ya wanaume. Mjomba akaichagua kwa macho, kama mtu anayechagua mchumba kwenye harusi ya watu.

Fundi Simkoko aliifunga bila kubisha, maana gari si lake. Lakini alikuwa na desturi yake, na Mpemba nzima inaijua. Akishainua gari lolote, huwa analipiga jeki kwenye chesisi mpaka tairi zote zining'inie. Kisha anatambaa chini, anaingiza kidole kwenye kila mpira wa breki, ile mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye tairi, anauvuta. Mpira ukicheza, unapewa ufunguo. Usipocheza, gari halitoki.

Siku ile alivuta, mpira ukalia kama waya wa gitaa. Seti ya wanaume ilikuja na kila kitu isipokuwa mipira mirefu. Fundi akasema gari lilale hapo, ataagiza mipira Mbeya, itafika kesho asubuhi. Na madaktari walikuwa wameshafika hospitali.

"Gari likikaa chini mpira unalegea wenyewe," mjomba akasema. "Nani anaendesha gari likining'inia?"

"Barabara ndiyo itakayolining'iniza, Ambakisye. Siyo wewe."

Mjomba akachukua ufunguo kwenye msumari ukutani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu, nacheka, kwa sababu ili aingie kwenye gari lake mwenyewe ilibidi akanyage tairi, akamate mlango na kujirusha kama anapanda punda mkorofi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wanasema wazee. Mimi usaha sikuuona, niliona gari refu la kuchekesha.

Njiani nilikaa nyuma. Tulipoiacha lami nikagonga paa la gari na kupiga kelele, nikiapa kwamba tairi la nyuma limebaki Mpemba. Mjomba akafunga breki, akashuka mbio, akazunguka gari lote. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Akaniambia nikirudia nitamaliza safari kwa miguu.

Tuta la Ibaba tulilipita kama halipo. Mjomba alitoa mkono dirishani akapungia barabara. Tairi zilizama mashimoni, zikaning'inia, zikapanda, na gari likawa linacheza huku na huku kama mlevi mwenye furaha. Kupanda mlima hakukuulizi habari za breki, mwanangu. Kushuka ndiko kunakouliza.

Tukalala kwa Bibi. Sasa hapa nikuambie jambo moja, hata kama kwenu mnafanya hivyo hivyo. Bibi na mjukuu ni watani. Tangu nilipojua kusema nilimwita mke wangu, naye akaniita mume wangu, mume asiyelima, mume mwizi wa karanga. Jina Bibi nililitumia nikiongea na watu wengine tu. Usoni kwake alikuwa mke wangu, jua liwake, mvua inyeshe.

Asubuhi nilikwenda kukojoa nyuma ya gari, ndivyo ilivyo, mzee lazima aseme kweli. Nikaona tairi la nyuma limelowa kwa ndani, na umande haulowanishi namna ile. Nikagusa, vidole vikateleza. Nikaingia chini. Mpira wa breki wa nyuma ulikuwa umepasuka mdomo, na wa mbele kushoto unatoa machozi taratibu.

Nilimwambia mjomba. Alikuwa anafunga turubai kwa sababu mawingu yalikuwa yanashuka upande wa Malawi, na madaktari wangeondoka kesho yake jioni. Hata hakugeuka.

"Jana tairi limebaki Mpemba," akasema. "Leo breki zimebaki wapi? Vwawa?"

Nikaapa. Akasema jana pia niliapa. Nikamwomba aje aone, akaniambia hajavaa shati la hospitali ili alale matopeni anifurahishe. Na Bibi alikuwa ameshatoka ndani, kanga mpya, viatu vya kanisani, mkono mmoja mbele unatafuta gari. Ukapapasa pale pikapu zote zinapokuwa na mlango, ukakuta tairi.

"Hili gari mmeliinua ili nilipande," akauliza, "au ili nilisikie likipita?"

Mjomba akaleta kreti ya soda ili Bibi akanyage. Mguu mmoja ukapanda juu ya kreti. Chini ya uwanja ule njia inaanza kushuka papo hapo, na ukiikosa kona ya kwanza kuna korongo ambalo mbuzi hulizunguka. Utani wote uliokuwa umenijaa mdomoni ulinitoroka.

"Bibi, usipande," nikasema.

Mguu ukabaki juu ya kreti. Akageuza uso wake upande wangu, macho meupe kama maziwa.

"Ambakisye, huyu mtoto kaniitaje?"

"Kakuita Bibi. Panda, Mama, mvua inakuja."

Hakupanda, akashusha mguu. Akapapasa ukutani mpaka alipoanika maharage, akabeba ungo kichwani, akashuka nao mpaka mwisho wa uwanja, karibu na rundo la kuni, akauweka chini na kurudi kwa hatua zake anazozijua. Akamwambia mjomba alishushe gari, asimame mbele ya maharage yake. Akisimama, yeye atapanda bila neno.

Mjomba akacheka, akajirusha ndani, akawasha. Gari likaanza kuteremka polepole. Nikamwona anakanyaga mara ya kwanza, gari likashika kidogo likaachia. Akakanyaga tena. Hapo ndipo mguu ule ukazama mpaka sakafuni, ule ninaoukumbuka mpaka leo nikiwa kwenye kipindi cha hesabu. Alivuta breki ya mkono, nayo waya wake ulikuwa umeshavutwa na huo urefu mpya, haukukamata kitu. Ungo ukalia kraa. Mjomba akakata usukani, pikapu ikaingia ubavu kwenye rundo la kuni, magogo yakamiminika juu ya boneti, injini ikazima.

Tairi moja la mbele lilikuwa limepita mwisho wa uwanja, linazunguka taratibu juu ya korongo.

Bibi hakuona, lakini alisikia ungo. Akasubiri mpaka mjomba atoke, apande mpaka pale, asimame mbele yake.

"Gari umelipa miguu mirefu," akamwambia, "mishipa umeiacha ile ile. Hata ndama hakui hivyo."

Kisha akanitafuta mimi kwa mkono, akanishika sikio, na alilishika kweli.

"Na wewe, mume wangu. Limebaki neno moja tu ulilokuwa hujalichezea. Ungelichezea na hilo, saa hizi ningekuwa nimepanda."

Mjomba alipanda mlimani kutafuta mtandao wa simu. Fundi Simkoko alifika mchana kwa pikipiki, mvua imemlowanisha mpaka mfupa, mipira mirefu ikiwa ndani ya koti lake. Hakusema "nilikuambia." Tulilikokota gari kutoka kwenye kuni, akavitoa vile vipande vya chuma, akafunga mipira, akapiga jeki mpaka tairi zikaning'inia. Halafu akamwambia mjomba alale matopeni na shati lake la hospitali, aingize kidole mwenyewe.

Kulipokucha tulishuka kwa gia ya kwanza. Mimi nyuma, kimya. Kimya changu kilimtisha mjomba, akasimama njiani kuuliza kama bado nipo. Bibi aliingia kwa daktari akiwa wa mwisho kabisa kwenye foleni. Walipomfungua bandeji, kitu cha kwanza alichokiona ni mimi. Akanitazama sana.

"Kumbe sura yenyewe ndiyo hii," akasema. "Basi sikulaumu kwa utani."

Haya, mwanangu, ndiyo niliyokuitia. Siku ukiwa na gari na ukataka kuliinua, usiangalie la jirani lilivyo refu. Uliza mzigo wako, uliza njia yako, uliza na nani atapanda. Ukishainua juu, rudi chini ukague kama vya chini vimefuata, na usichukue ufunguo kabla kidole cha fundi hakijapita. Na utani usiuache, kwa nini uuache, dunia ingekuwa kama somo la uraia. Ila weka neno moja pembeni, usilitanie kamwe, ili siku ukilitoa mtu ashushe mguu kwenye kreti.

Mungu akupandishe, mwanangu, kwa kadiri mipira yako inavyofika. Akupe bibi mwenye masikio mazuri. Na siku ya kushuka, maana kila aliyepanda ana siku yake, ukanyage, na gari lisimame.