Kimya Nilichonolea Ulimi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile Shangazi Sekela aliponishika mkono alfajiri, msiba wa mama ukiwa bado mbichi, akaniketisha kwenye benchi nyuma ya jiko. Umeniambia unajifunza kutafakari, unafuata maelekezo ya kwenye simu, na unafurahi kwamba sasa waweza kukaa robo saa bila kutikisika. Sikukatazi. Ila nisikilize, maana hata mimi niliweza kutotikisika.

Nilikuwa na miaka thelathini. Mama alizidiwa hapa hapa Mbozi, katikati ya mavuno ya kahawa. Kaka yangu Ambakisye ndiye aliyekuwa na pikapu, na siku hiyo alikuwa Mlowo akibeba mahindi ya watu. Nikamtuma jirani kwa baiskeli. Jirani akarudi na jibu: "Anasema anamalizia kupakia, anakuja." Tukangoja. Mwisho tukambeba mama kwa machela kwenda zahanati, akatufia njiani. Ambakisye alifika jioni.

Shangazi aliyaona macho yangu, akahofu nitampiga kaka mbele ya waombolezaji. Yeye alikuwa na desturi ya kukaa kimya kila alfajiri kabla ya sala, tangu alipofiwa na mumewe. "Fuata pumzi yako inavyoingia na inavyotoka," aliniambia. "Wazo likija, usigombane nalo, wala usilikaribishe. Rudi kwenye pumzi. Ukipotea mara mia, rudi mara mia."

Asubuhi ya kwanza miguu ilikufa ganzi na mawazo yakanivamia kama siafu. Ya pili nikagundua jambo: nikikaa kimya, maneno hunijia yamepangika. Badala ya kurudi kwenye pumzi nikabaki na maneno, nikiyachagua moja moja, nikiacha ya kelele na kubakiza yanayochoma. Shangazi akaona mabega yangu yameshuka. "Umeanza kutulia, baba," akasema. Sikumsahihisha. Wahenga hawakukosea: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku ya kumaliza matanga, wazee wakiwa wameketi, nikamwambia Ambakisye kwa sauti ya chini, "Kaka, mama alikuita mpaka mwisho. Aliuliza kama mahindi ya watu yana thamani kuliko yeye."

Ulikuwa uongo, mwanangu. Mama hakuweza kutamka neno tangu alipozidiwa. Lakini nani angemshuku mtu aliyetulia vile? Ningemrukia kaka kwa ngumi, wazee wangetuamua, na pengine tungepatana. Haukupita mwezi Ambakisye akauza pikapu, akavuka mpaka pale Tunduma, akahamia Nakonde.

Nilikawia miaka kumi na minane kumfuata. Ndiyo, miaka yote hiyo, na kutoka hapa ni mwendo wa saa chache tu. Nilimkuta akishona magunia, amezeeka kupita umri wake. Nikamweleza pale pale mlangoni kwamba mama hakusema lolote, maneno niliyatunga mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile nayo ulisema hivi hivi," akajibu. "Kwa upole huu huu. Sasa niamini lipi?"

Hakunifukuza. Alinipa maji ya kunywa, akarudi kwenye magunia yake. Amezikwa huko huko, na habari zilinifikia mazishi yakiwa yamekwisha.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kaa utafakari, mwanangu, lakini usidanganywe na mwili uliotulia. Paka naye hutulia kabla ya kumrukia panya. Ukijikuta umeketi huku unamjibu mtu moyoni, kiri kwamba una hasira, kisha rudi kwenye pumzi. Ikikataa, inuka ukamwambie mkubwa wako waziwazi. Mimi Shangazi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na sikumwambia. Na ukimkosea ndugu, mfuate wiki hiyo hiyo, angali anaitambua sauti yako ya kweli. Mimi huketi kila alfajiri hadi leo, na sijaona amani. Nimejifunza tu kutodanganya nikiwa kimya.

Mungu akupe moyo usiojificha, akuachie ndugu zako karibu, na ukinyamaza, kinyamaze na kilicho ndani yako. Amina.